Fundi wa Bembea na Kobe wa Sinema

Wapita njia wa Soweto, hapa Mbeya, walikuwa wanasimama kumcheka, na mimi siwalaumu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika baridi ya mwezi wa saba, mzee wa zaidi ya miaka sitini, ovaroli ya bluu, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, anapanda ngazi ya mtelezo wa watoto. Anakaa juu. Anajiweka sawa. Anajiachia. Anafika chini kwa kishindo, anainuka, anajipangusa umande nyuma, anaelekea kwenye bembea. Anabembea mara kumi. Kutoka hapo anakwenda kwenye duara la kuzunguka, analisukuma kwa mguu mmoja mpaka kofia inataka kumtoka. Na hacheki. Uso wake muda wote huo ni wa mtu anayesoma mita ya maji.

"Mtoto hapandi kitu ambacho mimi sijakipanda leo," aliniambia nilipomuuliza kama haoni aibu. "Jana ni jana. Nati hailegei kwa kupiga hodi."

Mjini kuna mafundi wa kila namna, lakini pale Soweto ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua ni yule mwenye uwanja wa watoto karibu na mashine ya kukoboa. Jina lake alikuwa nalo, na kanisani alikuwa akilijibu. Sisi wengine tulimwita Fundi, naye alionekana kuridhika.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Saluni, mabucha, vibanda vya chipsi, milango ya magari, vyote vimepita mkononi mwangu. Fundi alinitafuta kwa sababu ya kuku niliyemchora kwenye kibanda kimoja cha Mwanjelwa. Alikuja mpaka nyumbani, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Wewe ndiye uliyemchora yule kuku?"

"Ndiyo, baba. Kuna shida?"

"Yule kuku ana mawazo," akasema. "Anajua kinachomsubiri. Njoo unifanyie kazi."

Nikaenda, nikadumu naye miaka tisa. Tuligombana karibu kila wiki. Mimi nina haraka na mdomo wangu hauna breki, yeye alikuwa mtu wa kungoja, na mtu wa kungoja anaweza kukutoa machozi ukiwa umeshika brashi yenye rangi.

Chuma chake alikipata barabarani. Malori yanayopita kwenda Tunduma hufa huku kwetu kila siku, na Fundi alijua yamelala wapi: Uyole, Igawa, Chimala. Alikuwa akirudi na habu ya gurudumu amekaa nayo kwenye siti ya gari kama mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Duara lake la kuzunguka lilisimama juu ya habu ya lori, na lilizunguka kimya kabisa. Alikuwa akiweka sikio kwenye chuma asikilize beringi. Akisikia mkwaruzo, duara linafungwa siku hiyo, hata kama ni Sikukuu ya Pasaka na watoto wamejaa getini wanalia.

Huku kusikiliza beringi kulikuwa na kinyume chake, ambacho sikukielewa kwa miaka mingi. Fundi hakupenda kelele za watoto. Aliziba masikio kwa pamba kila Jumamosi, pande zote mbili, na hakujua jina la mtoto hata mmoja. Wote aliwaita abiria. "Abiria, shuka. Abiria, viatu." Mama mmoja alimshukuru kwa kumpenda sana mwanawe, Fundi akamtazama yule mtoto kwa makini kama anayemwona mara ya kwanza, na nadhani kweli ilikuwa mara ya kwanza. Lakini mtoto yuleyule alipokwaruzwa kidole na bati, Fundi hakula siku hiyo. Alipitisha kiganja kwenye kingo zote za uwanja mzima, polepole, mpaka akaipata sehemu yenyewe.

Na alikuwa na mwezi wake.

Hili ndilo jambo lililomtofautisha na mafundi wote niliowahi kuwaona. Akimaliza kuchomelea kitu kipya, alikipaka praima tu, ile rangi ya kijivu ya chini, akakiacha. Siku thelathini. Hakipewi jina, hakichorwi. Watoto wanaachiwa wakipande wanavyotaka, naye anakaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari la shule gotini, pamba akiwa ameitoa sikio moja, anaandika wanakiitaje. Hakuwauliza hata siku moja. Alisema mtoto ukimuuliza anakutazama usoni kwanza, halafu anakujibu unachotaka. Siku ya thelathini na moja ananiita: "Binti, njoo na brashi. Wameshasema."

Mtelezo waliuita Kitonga, kama ule mlima wa barabarani, maana wengi walikuwa wameupita wakienda Dar es Salaam na wakubwa wao walikuwa wakisali kwa sauti ndani ya basi. Nikauchora na kona zake zote. Watoto wakasema bado, halijawekwa lori lililoanguka. Nikaweka. Wazazi wawili wakaja kulalamika kwamba picha inatisha. "Hata Kitonga yenyewe inatisha," Fundi akawajibu, na lori likabaki. Duara waliliita mashine ya kusaga. Bembea kubwa ya viti vinavyotazamana waliiita harusi, kwa sababu ukikaa pale lazima umtazame mtu na unaona aibu.

Nilivyokuwa na haraka zangu, mwezi huo uliniumiza. Nilikuwa nikimwambia: Fundi, hiki ni mtelezo, dunia nzima inajua ni mtelezo. Ananijibu kwamba dunia nzima haijapanda huu.

Msifikiri alikuwa mtu wa kuchukia sinema. Hapo ndipo watu wanapokosea wakimsimulia. Ujanani aliwahi kutembea kwa miguu kutoka Uyole mpaka mjini, Jumapili tatu mfululizo, kutazama sinema ileile ya mapigano kwenye kibanda cha video. Alinyoa nywele kama yule mpiganaji. Alijifunza kuruka kwa mateke mpaka akavunja mlango wa choo cha shangazi yake. Aliponisimulia hayo alikuwa na miaka sitini na tatu, na bado aliinua mguu kunionyesha, akashika kiuno.

"Sasa wewe uliyevunja choo kwa ajili ya sinema, mbona hutaki sinema uwanjani?" nikamuuliza.

"Ile sinema niliitoa kibandani, nikaenda nayo ninakotaka," akasema. "Hakuna aliyenijengea choo cha kuvunja."

Maneno hayo yalikuja wakati wa kobe, na sasa lazima niwaeleze habari za huyo kobe.

Mwaka ule watoto wote walishikwa na katuni moja. Kobe nahodha, mwenye kofia ya baharia, anaendesha meli inayopaa, na mwewe mmoja mbaya anamfukuza. Alikuwa kwenye simu za mama zao, kwenye mabegi ya shule, kwenye keki za kuzaliwa. Mwenye kiwanja chetu alikuwa mama mmoja anayefanya biashara ya mchele kutoka Chimala, na tulimwita hivyohivyo, Mama wa Mchele. Yeye ndiye aliyempa Fundi eneo miaka yote hiyo, na alimheshimu. Basi Mama wa Mchele akaenda Dar es Salaam kumwona mjukuu, akapelekwa mahali pa michezo ambapo kila kitu kilikuwa cha sinema moja, kuanzia geti mpaka sabuni ya kunawia. Akarudi amewaka.

"Fundi, uwanja wote tuufanye kobe," akasema kabla hata hajaketi. "Wote. Mtelezo uwe mkia wa kobe, duara liwe kimbunga, geti liwe mdomo wa mwewe. Watoto wanahama, wanakwenda kwenye yale majumba ya kupuliza hewa. Tukikaa na mashine ya kusaga tutabaki na mbuzi."

Mimi nilikuwa upande wake. Niseme wazi. Nikatoa simu nikamwonyesha Fundi video za nchi za watu, mtaa mzima umejengwa kwa sinema moja. Ukiingia uko ndani ya sinema: nyumba ni zilezile, wahudumu wamevaa vilevile, hata juisi ni ile anayokunywa mhusika. Fundi akavaa miwani, akaitazama mara tatu. Mara ya kwanza alitazama vyuma tu.

"Hawa ni mafundi," akasema. "Huoni hata walipochomelea. Wamepiga grenda mpaka mshono ukalala."

Mara ya tatu akavua miwani. "Mtoto ambaye hajaiona hiyo sinema, akiingia hapo anafanya nini?"

"Anatazama," nikasema.

"Na aliyeiona?"

"Anacheza ile sinema."

"Ileile?"

"Ileile, Fundi! Ndiyo utamu wake!" Nikapandisha sauti. Nikamwambia hapa Soweto kuna mtoto wa Kinyakyusa, wa Kisafwa, wa Kisangu, wa Kikinga, mwingine kaja juzi na Kiswahili hakijakaa mdomoni. Wote wanamjua kobe. Mtoto mgeni akisema "mimi mwewe", wenzake wanakimbia, mchezo umeanza, hahitaji kujieleza. Huo mwezi wako wa kijivu, nikamwambia, unamfaa mwenye mdomo. Mwenye haya anabaki ukutani.

Akainuka, akaenda zake. Alikuwa na tabia ya kuondoka na hoja yako, akalala nayo, akairudisha kesho yake asubuhi kama sufuria ya kuazima, safi kuliko ulivyompa. Kesho yake akaja. "Neno lako la mwewe nimelifikiria. Ni la kweli. Sina jibu lake."

Ndiyo sababu ninamheshimu mpaka leo. Kuna watu wangapi wenye umri wake wanaoweza kumwambia msichana wa kupaka rangi kwamba hawana jibu?

Tukakaa watatu, chai na mihogo, yakapatikana makubaliano. Fundi atajenga meli ya kobe, moja, kwa nguvu zake zote. Itakaa siku thelathini na kijivu chake. Watoto wakiiita meli ya kobe, uwanja mzima unageuzwa, na yeye mwenyewe atashika mashine ya kuchomelea. Wakiiita kitu kingine, uwanja unabaki ulivyo. Mama wa Mchele alikubali akicheka, maana alikuwa na hakika. Na mimi nilikuwa na hakika. Uwanja ule ulikuwa kazi yote ya maisha ya mzee, na aliuweka mezani hivyo, kati ya vikombe.

Alijenga kama mtu anayetaka kushindwa. Fremu ya lori kwa ajili ya kitako, springi sita chini ili itikisike, mabenchi mawili marefu ya ndani, mlingoti, na juu ya mlingoti kapi na ndoano ya kuinulia nanga. Ndoano hiyo aliijaribu kwa kujining'iniza mwenyewe. Nilipita hapo nikamkuta anabembea hewani na kofia yake, nikampigia saluti.

Wiki ya kwanza watoto walirukaruka tu. Wiki ya pili akaja msichana wa miaka saba hivi, aliyetoka Chimala kukaa kwa mama yake mdogo. Mkimya. Alikuwa na mdoli wa matambara na kipande cha kitenge. Akaitazama ile ndoano kwa muda, akafunga kitenge, akamtundika mdoli, akarudi nyuma hatua moja.

"Kilo nne," akasema kwa sauti ya mtu mzima kabisa. "Mama, mtoto haongezeki. Unampa nini?"

Msichana mwingine akajibu, "Uji, nesi."

"Uji wa nini?"

"Wa... mahindi."

"Mahindi matupu? Kaa pale. Anayefuata!"

Basi. Ndani ya nusu saa mabenchi yote mawili yalikuwa yamejaa. Wavulana walifunga mawe ndani ya masweta yao, wakapanga foleni. Mmoja alirudishwa kwa sababu hakuja na kadi. Alisema kadi imeliwa na mbuzi, nesi akamwambia na huyo mbuzi amlete. Mmoja akapaza sauti kwamba hii ni meli ya kobe, akaambiwa asipige kelele, kuna watoto wamelala.

Fundi alikuwa juu ya ndoo yake. Daftari lile ninalikumbuka: Kliniki. Kliniki. Kliniki. Meli (mmoja, ametolewa kwenye foleni). Kliniki. Alikuwa anatikisika mabega. Katika miaka tisa sikuwahi kumwona akicheka namna ile, na pamba zilikuwa zimemtoka masikio yote mawili.

Siku ya ishirini na mbili dada yake alifariki huko Iringa. Akafunga daftari, akavaa koti, akaondoka.

Siku iliyofuata Mama wa Mchele alikuja na makopo ya rangi. Bluu, njano, kijani cha kobe. "Binti," akasema, "hebu niambie. Kliniki? Nani anampeleka mwanawe kliniki Jumamosi kwa hiari yake?"

Nilicheka. Ilichekesha kweli. Akasema mzee mwenyewe yuko msibani, akirudi akaikuta nzuri, imekwisha, atatulia. Ningeweza kumwambia asubiri siku nane. Sikumwambia, na si kwa sababu nilimwogopa. Nilikuwa nimeshamchora kobe yule kwenye makaratasi mara hamsini, nilimjua kila mkunjo wa shingo, na mkono ulikuwa unaniwasha nimwone akiwa mkubwa. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine nzuri zaidi. Nilipaka siku mbili, nikachora mawingu, nikachora mwewe mpaka mwenyewe nikaogopa. Ndoano Mama wa Mchele aliomba itolewe ili bendera ikae. Nikaitoa.

Fundi alirudi Ijumaa, bado na koti la msibani. Akaizunguka meli yote. Akapitisha kiganja kwenye rangi.

"Imekaa vizuri," akasema.

Halafu akafungua daftari, akahesabu mistari mitupu kwa ncha ya kalamu. "Zilibaki siku nane." Akaingia kibandani kwake kuvua koti.

Afadhali angenigombeza. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na majibu yangu yote mkononi, na hakuna aliyeyataka.

Jumamosi watu walijaa kuliko siku yoyote niliyoiona pale. Sitawadanganya. Meli ilipiganiwa, watoto walipaa, walianguka, mwewe alikuwa na wafuasi kumi. Mpwa wangu alilia tulipomtoa. Na yule msichana wa Chimala alikuja, na mdoli wake na kitenge. Akaitafuta ndoano. Mvulana mmoja, wala si mtoto mbaya, akamwuliza kwa wema tu, "Wewe ni nani kwenye kobe?"

Hakujua. Kwa mama yake mdogo hakukuwa na televisheni.

"Basi simama pale," mvulana akamwambia. "Uwe mawingu."

Akasimama. Alikuwa mawingu mpaka saa sita. Halafu akamfunga mdoli mgongoni, akaenda kwao. Nilimwona kwa macho yangu, nimeshika kopo la njano. Fundi naye alimwona. Ile hoja yangu ya mtoto mwenye haya, niliyojivunia sana, ikawa imesimama pale mbele yangu na mdoli wake, na nikatamani ardhi ipasuke.

Hakukuwa na ugomvi. Fundi alikaa wiki tatu zaidi, akatia grisi kila beringi, akabadilisha nati zilizochoka, akamkabidhi Mama wa Mchele funguo na daftari la marekebisho. Mama wa Mchele alilia, maana hakuwa mtu mbaya, alidhani tu kwamba mzee atazoea. Kwangu alisema, "Binti, osha brashi zako zisikauke." Akaenda kukaa kwa binti yake Kihesa, Iringa.

Uwanja uligeuzwa wote, na mimi ndiye niliyeugeuza. Unaendelea mpaka leo. Watoto wanafurahi, na mtu akiniambia kwamba furaha ile ni ya uongo nitabishana naye, kwa sababu naiona kila wiki. Lakini hakuna anayejua tena kwamba mkia wa kobe uliwahi kuitwa Kitonga. Nilipaka rangi juu ya lori mimi mwenyewe, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza lilikuwa bado linaonekana.

Miaka miwili sikumpigia simu. Namba yake nilikuwa nayo, ninaitazama, naweka simu chini. Aibu ina uvivu wake. Halafu mwaka huu, mwezi wa tano, ukaingia ujumbe wenye salamu ya huko Iringa: *Kamwene binti. Njoo na brashi. Kihesa, chekechea ya kanisa, waulize watakuonyesha.*

Nilipanda basi la asubuhi bila kumuaga mtu.

Nilimkuta uwanjani nyuma ya madarasa. Amepungua, ovaroli imekuwa kubwa kwake, na amekaa kwenye kiti cha plastiki, kitu ambacho zamani alikidharau. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umenenepa."

"Na wewe umekonda."

"Basi tumegawana," akasema.

Pembeni yake kulikuwa na kitu kipya, mabomba yaliyokunjwa yakafanya mgongo wa mviringo, na matundu ya kuingilia chini, kila kitu kijivu. Akanipa daftari. Nikafungua. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, nikarudi wa kwanza.

Kobe. Kobe. Kobe. Kobe.

"Mimi nilijenga nyumba," Fundi akasema. "Nilidhani watasema nyumba. Au tanuri la matofali. Siku ya tatu tu wakasema kobe, hawakubadilisha. Leo ni ya thelathini na moja."

"Fundi, una uhakika?"

"Uhakika wangu wa nini? Si changu. Wamesema kobe, mchore kobe."

Nilishindwa kufungua kopo. Nikamwambia kile nilichokuja kukisema, nikikisema vibaya, kwa haraka kama kawaida yangu. "Baba, kule Soweto nilikosea. Wewe uko msibani na mimi napaka rangi. Nisamehe."

Aliniacha nimalize. "Ulikosea," akasema. Hakulipunguza hilo neno. "Kobe hakuwa na kosa. Hata rangi nilikuambia imekaa vizuri. Hukungoja tu." Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akanisogezea kikombe. "Nilikusamehe kwenye basi la kuja huku, tulipofika Makambako. Ulichelewa kuuliza. Kunywa."

Nikalia kidogo ndani ya kile kikombe, halafu nikaanza kazi. Mkono wangu ulikuwa unamjua yule kobe kuliko ninavyojijua. Shingo, kofia ya baharia, meli, mwewe juu. Baada ya saa moja na nusu hivi, upande mmoja ulikuwa umekamilika na ulipendeza, najua kazi yangu. Kengele ikalia, watoto wakatoka kwa mapumziko, wakaja wakanizunguka. Kimya. Nilizoea kelele za kushangilia nikimaliza kobe, nikageuka.

"Dada," akasema msichana mmoja mwenye sweta la kijani, "huyu nani?"

"Si kobe?"

Wakatazamana. Mmoja akacheka akaziba mdomo. "Siyo kobe wetu."

"Kobe wetu hana meli," mwingine akasema.

"Anauza nyanya Ilula."

"Na mkewe ni mwalimu!"

"Na anaogopa mbwa. Akiona mbwa anaingia ndani, sisi tukiwa humohumo, tunambembeleza."

Walikuwa wanasema wote kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyetaja mwewe. Nikamtazama Fundi. Alikuwa amegeuzia uso kwenye ukuta wa darasa na mabega yanatikisika. Nikachuchumaa mbele ya yule msichana wa sweta la kijani ili tulingane macho. Nikamwaga tina ya kufutia rangi kwenye kitambaa, nikaifuta meli yote, nikamwuliza hizo nyanya kobe wao anazibeba kwenye ndoo au kwenye tenga.